Kozi ya skrachi Dodoma: nililipia vidole, nikarekebishwa mkono wa kushoto

Wakuu, tangu niweke ile klipu nikikwangua sahani, yaani kupiga skrachi, kwenye sendofu kule mtaa wa Kisasa nimepata meseji nyingi kuliko za michango ya harusi, na zote zinauliza kitu kimoja, umejifunzia wapi na ni shilingi ngapi. Naandika hapa mara moja nisije kurudia kwa kila mtu. Jina la mwalimu sitaji, kuna mahali nitamsifia na kuna madudu yake nitayasema, na huu mji ma-DJ tunakutana ukumbi huu na ule kila wikiendi, sitaki ugomvi wa kugombania soketi.

Kwanza mjue nilikuwa nimefikia wapi maana isije ikawa mtu anaanza sifuri halafu anasema nimemdanganya. Napiga mwaka wa sita sasa, harusi, kipaimara, bethidei, na Bunge likikaa zinaongezeka na hafla za hapa na pale maana mji unajaa wageni. Natumia laptopu na kontrola, ile mashine ya DJ unayoichomeka kwenye laptopu. Bebi skrachi naiweza, ile ya kusukuma na kuvuta sahani bila kugusa feda, kile kitufe cha kutelezesha kinachofungua na kufunga sauti. Transfoma naiweza ikiwa taratibu, feda imefungwa halafu unaifungua kwa kuigonga gonga (na siyo ile transfoma ya mtaani ikilipuka mnalala giza siku mbili). Chapu naipata kwa kubahatisha, unasukuma sahani huku unafunga, unavuta huku unafungua, inalia kama kifaranga. Baada ya hapo ukuta. Fleya nimehangaika nayo miaka miwili kwa video za mtandaoni, bando limeisha, vidole vimeuma, na bado ikawa inatoka kama mtu anakohoa.

Ndipo nikasikia kuna jamaa Chang'ombe anafundisha skrachi za juu. Nikampigia, akasema vipindi nane, laki moja na themanini, kila kipindi saa moja na nusu, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi jioni, wanafunzi wawili tu kwa wakati. Hiyo ya wanafunzi wawili ishike, nitairudia.

Chumba chenyewe kipo nyuma ya saluni ya kike, yaani unafanya fleya huku draya inakuvumia ukutani. Ila mashine ni mashine. Technics SL-1200 MK2 mbili, zile zilizotoka 1979, za Kijapani, mota iko moja kwa moja chini ya sahani hakuna mkanda. Sisi tuliozoea kontrola za plastiki ukiweka mkono pale mara ya kwanza unaona aibu, unaishika sahani kwa juu chini yake dude linaendelea kuzunguka wala halishtuki, ukiachia inarudi kwenye spidi yake kabla hujapepesa. Ticha anatumia zile santuri maalumu ambazo ndani yake hamna muziki, kuna mlio tu ambao sindano inausoma na kuupeleka kwenye laptopu, programu inajua sahani inaenda mbele au nyuma na kwa kasi gani. Kwa hiyo nyimbo ni zako za kwenye kompyuta ila mkono unashika sahani ya kweli.

Siku ya kwanza hatukugusa mashine. Ticha katoa shilingi mia mfukoni, kaiweka mezani, akasema hii ndiyo feda yako wiki nzima. Nikawaza laki na themanini yangu imeenda kwa sarafu. Zoezi lenyewe ni kwamba dole gumba linaibana sarafu upande mmoja kama springi, halafu kidole cha kati kinaigonga kutoka upande wa pili, inasogea kidogo, gumba linairudisha lenyewe. Huirudishi wewe, ndo pointi yake. Mimi miaka miwili nilikuwa nafunga feda kwa kidole na kufungua kwa kidole hicho hicho, ndo maana nachoka na ndo maana nachelewa.

Sasa fleya, kwa wasioijua. Jina limetokana na DJ Flare wa Marekani, na waliokuja kuisambaza dunia nzima ni kina DJ Qbert. Transfoma inaanza feda ikiwa imefungwa, fleya ni kinyume, inaanza ikiwa wazi. Unasukuma sahani, sauti inatoka, katikati ya ule msukumo unafunga na kufungua haraka mara moja, tak. Sauti moja imekatwa zikawa mbili. Ukivuta sahani nyuma unafanya hivyo hivyo, mbili tena, jumla nne. Ukifanya kwenda na kurudi bila kusimama hiyo wanaiita obiti. Ukigonga mara mbili badala ya moja unapata sauti tatu kwenda na tatu kurudi, sita. Kwa kuongea ni rahisi hivyo. Kinachochanganya akili ni kwamba unachopiga ni ule ukimya, vidole havileti sauti bali vinaikata, na mikono miwili kila mmoja una shughuli yake.

Kipindi cha tatu ndo kilinibadilisha na ndo sababu ya mimi kukaa chini kuandika haya yote. Nilikuwa nimeshapata ile ya kugonga kwa sarafu, kwenye feda pia inakubali, ila nikiunganisha na sahani inatoka pa-kapa, pa... kapa, inachechemea. Nikamwambia ticha vidole vyangu vizito. Akachukua simu yangu akaweka video ya mwendo wa polepole, akanirekodi mikono yote miwili kwa juu, akanionesha. Aisee. Kidole kinagonga palepale kila mara, sawa kabisa. Mkono wa kushoto, ule wa sahani, ndo mhalifu. Nikisukuma naenda taratibu, nikivuta navuta kwa pupa kama mtu anachomoa nguo kwenye kamba mvua imeanza. Kwa hiyo ule mkato unaangukia katikati wakati wa kwenda, lakini wakati wa kurudi sahani imeshafika mwisho kabla kidole hakijagonga. "Dogo, vidole havina kesi," akasema, "mwenye kesi ni huyu hapa," akanipiga kofi kidogo mkono wa kushoto.

Akabandika kipande cha selotepu kwenye sahani kiwe kama mshale wa saa, akasema toka kwenye namba 9 ya saa mpaka namba 12, rudi, toka 9 mpaka 12, rudi, feda wazi, usiguse chochote kulia, mapigo 70 kwa dakika. Hicho tu. Kipindi kizima! Nilikasirika wakuu sitaficha, nimeacha kazi, nimepanda bajaji kutoka Nkuhungu kuja kufanya bebi skrachi mwaka wa sita wa udijei wangu. Alhamisi nimerudi kaniambia ongeza kidole, sasa hivi. Ikatoka. Nne nne nne nne, zimepangana kama meno. Nilicheka peke yangu kama chizi, dada wa saluni kachungulia dirishani.

Hakuna video ya mtandaoni iliyowahi kuniambia kuwa ugonjwa wangu uko mkono wa kushoto, na haiwezi, maana video hainioni. Zote zinakuonesha vidole vya kulia kwa sababu vidole ndo vinapendeza. Kuna shule za mtandaoni ambazo unatuma video yako wanakujibu kwa video, ya Qbert ipo hivyo, ni nzuri, ila unalipa kwa dola na bando la kupandisha video juu yake, pigeni hesabu zenu wenyewe.

Kitu kingine nilichokipenda ni kwamba anakulazimisha uitamke skrachi kwa mdomo kabla ya kuipiga. Wika wika, takata, takataka. Mwanzoni ni aibu tupu, watu wazima na ndevu zetu tunafanya takataka takataka. Kuna dada mmoja darasani, wa Mvumi huko, tulipofika ile obiti ya kugonga mara mbili yenye sauti sita sisi tunahangaika kuhesabu, moja mbili tatu moja mbili tatu, yeye kafumba macho kaitoa mdomoni mara moja halafu kaenda kaipiga. Ticha kamuuliza umesoma wapi, akasema mama yake anapiga muheme. Kwa msioijua, ile ngoma wanayopiga akina mama wa Kigogo wakiwa wameibana mapajani. Amekua nayo masikioni toka mtoto, ile ya tatu tatu kwake ni kama kutembea. Mimi Mgogo pia lakini wa mjini, nilikua nasikiliza bongofleva za nne nne kwenye redio, haya ndo malipo yake.

Halafu kuna skrachi inayoitwa kaa. Krabu wenyewe Wamarekani wanaiita, mwenyewe aliyeianzisha anatajwa Qbert huyo huyo. Gumba linaibana feda ibaki imefungwa, halafu vidole vinne vinaipita kimoja kimoja kuanzia kidogo mpaka cha shahada, kama unachezesha vidole mezani ukimsubiri mtu anayechelewa, kila kimoja kinafungua sekunde kidogo gumba linafunga. Msukumo mmoja sauti nne. Ticha anaiita kaa na anasisitiza mkono utembee kama kaa, darasa zima watu wa Dodoma, Singida na Kondoa, kaa tumemuona kwenye picha tu. Yangu mpaka leo kidole kidogo hakitoi kitu, natoa tatu. Amesema wengi wanapiga tatu na hakuna anayejua ukumbini, nimekubali.

Haya, madudu sasa.

Wanafunzi wawili ilikuwa hadithi. Wiki ya kwanza kweli tulikuwa wawili, ya pili wanne, ya tatu sita, mashine mbili. Piga hesabu, dakika tisini kwa watu sita, unashika sahani dakika thelathini muda mwingine unaangalia mwenzako anavyokosea. Na katika hao sita watatu ni wapya kabisa, hata bebi hawajui, sasa kozi ya juu inageuka chekechea. Nilimwambia ana kwa ana akaniambia kaka maisha magumu. Namuelewa ila mimi pia maisha yangu siyo laini.

Feda ya miksa yake ya kushoto imechoka. Ukifunga haifungi, sauti inavuja kwa mbali, ssss. Kwa mtu anayechanganya nyimbo za harusi hata hutajua, ila kwa skrachi feda inayovuja ni kama kisu butu kwa muuza nyama, maana kazi nzima ni kukata. Nilidhani ni mimi nakosea mpaka nilipohamia upande wa kulia. Sehemu ya tatizo ni vumbi letu hili, kuanzia mwezi wa saba upepo ukianza kuvuma hapa hakuna kitu kinachopona, na yeye dirisha anaacha wazi kwa sababu ya joto la draya. Sindano nayo kila baada ya dakika kumi inabeba manyoya ya vumbi inaanza kuruka, anaipuliza kwa mdomo, anaendelea.

Kipindi cha sita umeme ukakatika saa kumi na dakika ishirini. Tumekaa nje kwenye ngazi tunakula karanga mpaka saa kumi na moja na nusu, haujarudi, tukaagana. Kipindi cha saba kuja naambiwa hiki ndo cha saba. Yaani kile cha karanga kimehesabiwa! Nimebishana, akasema muda wake alikuwa ameutenga. Kwa hiyo nimelipia elfu ishirini na mbili na mia tano kukaa kwenye ngazi.

Na cheti aliahidi, cheti hamna. Sikihitaji lakini aliahidi.

Mtauliza na mashine za nyumbani vipi, maana wengi hamna hizo Technics na mimi sina, bei yake hata iliyotumika ni ya kiwanja cha nje ya mji. Ukweli ni kwamba fleya unaweza kuifanyia mazoezi kwenye kontrola ila rekebisha vitu viwili ambavyo ticha alinionesha bure, hapo namshukuru. Kwanza ingia kwenye mipangilio ya programu tafuta ukali wa feda, iweke kali mpaka mwisho ili sauti itokee feda ikisogea milimita moja mbili tu, ukiiacha ile ya kawaida ya kuchanganya nyimbo unahitaji kuisukuma mpaka katikati na hakuna kidole kitakachowahi. Pili punguza bafa ya sauti, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuitoa. Yangu ilikuwa sampuli 512, ambayo kwa sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 12 unagusa ndo unasikia, nikashusha mpaka 128, kama milisekunde 3, mkono na sikio vikakutana. Laptopu ikianza kukwamakwama panda kidogo 256.

Na kwa wenye mashine za sahani ambazo ni nzito kuteleza, chini ya kile kitambaa kinachokaa chini ya santuri weka duara la nailoni laini, sahani itateleza kama iko kwenye mafuta. Ticha alikata ya kwake kwenye mfuko wa shati jipya la dukani, maana mifuko ya nailoni ya sokoni ilishapigwa marufuku toka 2019, ukiionesha hadharani unaweza kujieleza vibaya. Mwenye kutaka kuanza kidogo kidogo kuna kimashine cha kubebeka cha Numark PT01 Scratch, kina kifeda chake hapo hapo na kinakula betri, siku ya karanga ningekuwa nacho tusingekaa bure. Kinaendeshwa kwa mkanda lakini, kwa hiyo msitegemee nguvu ya Technics.

Sasa ile sendofu mnayoiulizia. Klipu nimeikata, hamjaona yote. Nilikuwa na hamu ya kuonesha, mabibi wamekaa wametulia, keki imeshakatwa, nikaingiza obiti katikati ya wimbo, nikaongeza kaa, nikaongeza tena obiti, nadhani nilikaa mle dakika nzima nimeinamisha kichwa najisikia niko fainali za DMC, yale mashindano ya dunia ya ma-DJ. Nikainua kichwa, mama mmoja amesimama mbele ya meza na kitenge chake kwapani, kwa upole kabisa ananiambia, "Mwanangu, pole, CD imekwaruzika? Sisi tunataka kucheza." MC naye kadakia kwenye maiki, jamani tumvumilie DJ mashine imekwama. Ukumbi mzima kicheko. Vijana wa nyuma ndo waliorekodi na kupiga kelele, hicho ndo kipande mlichokiona.

Nilipomwambia ticha hakushangaa. Alishasema toka kipindi cha pili, skrachi ukumbini ni baa nne, yaani mapigo manne mara nne tu, ingia, toka, rudisha wimbo watu waucheze, mengine ni ya chumbani na ma-DJ wenzako. Sikusikiliza. Kipaimara kilichofuata nikafanya hivyo, baa nne kabla ya kiitikio, sauti ya kukata ni ile "haya" ya MC niliyomrekodi dakika mbili kabla, ha-ha-haya-haya haya, nikaachia. Wakaruka. Kwenye singeli nayo inakubali ila usijaribu kukimbizana na mdundo wake mtakufa, ile inapita mapigo 200, skrachi kwa nusu ya kasi yake, inakaa juu kama mtu anatembea pembeni ya treni.

Kama naulizwa niipe ngapi, saba kwa kumi, na zote saba ni za ile video ya simu na selotepu. Anayeanza kabisa asiende, atalipa pesa nyingi kujifunza bebi ambayo ataijua nyumbani kwa wiki. Anayeweza transfoma na amekwama kama nilivyokwama mimi aende, ila kabla ya kutoa pesa amuulize mko wangapi, adai mashine ya kulia, na alipe nusu kwanza.

Mimi narudi mwezi ujao vipindi vinne kumalizia obiti ya sauti sita, tumepatana Jumamosi asubuhi kabla upepo haujaanza na saluni haijajaa. Nimeshamwambia safari hii umeme ukikatika hicho hakihesabiki. Amecheka tu, hajajibu.